Shajara ya kompyuta ya baiti 16, Mbuyuni, Moshi

Februari, mwanzoni

Lengo limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa karakana ya Fundi, nyuma ya soko la Mbuyuni: kompyuta inayofanya kazi bila chipu yoyote inayoitwa prosesa. Kazi zote za prosesa tuzifanye wenyewe kwa chipu ndogo za mantiki za familia ya 74, juu ya bodi za kuchomeka waya, na kila biti, yaani kila 0 au 1, iwe na taa yake ili mtu aione ikipita. Kumbukumbu ni baiti 16, kila baiti biti nane. Ndiyo, kumi na sita, wala hakuna sifuri zilizosahaulika hapo.

Tuko wanne. Fundi anatengeneza redio, sabufa na chaja, na bodi zote mbovu za mtaa huu huishia kwenye ndoo yake. Vijana wawili wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri kupangiwa shule: binti anatoka Rau, mwenzake Pasua. Mimi nafundisha hesabu na fizikia. Wazo lilitoka kwangu, maana nimechoka kuona mada ya kompyuta ikiishia kwenye kuchora maboksi matatu, ingizo, uchakataji na tokeo, yenye mishale katikati. Ndani ya lile boksi la kati kuna nini? Anayeuliza huambiwa haitoki kwenye mtihani.

Fundi ametoa sharti moja: atakayeunguza chipu atalipa.

Februari, mageti

Tumeanza na geti la NAND, saketi ndogo ya mantiki. Lina viingilio viwili, na hutoa 0 pale tu viingilio vyote vikiwa 1. Vinginevyo hutoa 1. Chipu ya 7400 ina mageti manne ya aina hiyo na pini 14. Kutokana na geti hili peke yake unaweza kuunda mengine yote. Charles Peirce, Mmarekani, aliliona hilo karibu 1880 asilichapishe. Henry Sheffer akalichapisha 1913, wakati transista haijazaliwa.

Kijana wa Pasua aliunda XOR kwa NAND nne, yaani chipu nzima: taa inawaka viingilio vikitofautiana, inazimika vikifanana. Fundi alikuwa ameinamia redio ya mtu. Akatupa jicho mara moja.

"Hiyo si swichi ya ngazi?"

Ndiyo hiyo hiyo. Taa ya ngazi ya ghorofa ina swichi mbili, moja chini na moja juu, na ukibonyeza yoyote taa inabadilika. Fundi amefunga swichi hizo tangu ujana wake. Ndilo jambo ambalo Claude Shannon aliliandika katika tasnifu yake ya uzamili kule MIT mwaka 1937: kwamba swichi na rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) zinaweza kuandikwa kwa aljebra ambayo George Boole aliichapisha 1854, na ukishaziandika unaweza kuzikokotoa kama hesabu nyingine. Nilipomweleza, Fundi akajibu kwamba basi naye anaidai MIT tasnifu yake.

Baada ya hapo kujumlisha kulikuja haraka. Jumlisha 1 na 1: XOR inatoa 0, AND (hutoa 1 pale tu viingilio vyote vikiwa 1) inatoa 1, unasoma 10, ambayo ni mbili kwa namba za msingi wa 2. Kijumlishi cha biti moja tulikijenga kwa mikono ili kieleweke, kisha tukachukua 74283 mbili. Kila moja inajumlisha biti nne. Kutoa pia hakukusumbua. Geuza kila biti ya namba ya pili kwa XOR, ingiza 1 ya ziada, jumlisha. Tulijaribu 5 toa 3: 00000101 na 11111100 na 1, ziada ikamwagika upande wa kushoto, zikabaki taa za 00000010.

Machi, kumbukumbu

Chukua NAND mbili, tokeo la kila moja lirudi kuwa kiingilio cha mwenzake. Gusa waya mmoja, taa inawaka. Ondoa mkono, inabaki inawaka. Gusa mwingine, inazimika na kubaki hivyo.

Binti wa Rau aliikodolea macho muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, sasa hiyo biti iko kwenye geti lipi?" Haipo kwenye geti lolote kati ya hayo mawili. Iko kwenye mzunguko. Hadi juzi saketi zetu zote hazikuwa na jana: mpe viingilio, atakupa jibu, na kesho ukimpa vile vile jibu ni lile lile. Tokeo linaporudi nyuma likawa kiingilio, saketi inaanza kuwa na hali, na jibu linategemea ilikotoka. Wanaosoma nadharia ya ukokotozi huanzia hapa kuzungumzia mashine za hali. Sijawahi kupata swali zuri namna hiyo darasani, na nimeliandika kwenye daftari langu la masomo.

Machi mwishoni, masika

Mvua na umeme vimeshindwa kuelewana. Kompyuta yetu inataka volti 5 tu, na pawabenki inatoa volti hizo hizo, kwa hiyo giza halitusimamishi. Mama wa chapati wa jirani anakuja kuangalia taa.

Tatizo kubwa lilikuwa rejista A, safu ya biti nane inayoshika namba tunayoifanyia hesabu. Inashika namba vizuri, kisha mtu akisogeza mkono karibu, biti ya tatu inageuka. Kijana wa Pasua alisema ina majini. Fundi alisoma maandishi ya juu ya chipu kwa lenzi: tuliagiza aina ya LS, katika mfuko wametuchanganyia na aina ya HC. Namba za chipu zinafanana na pini zinafanana, ila LS inaruhusiwa kuita volti 2.7 kuwa 1, wakati HC inayotumia volti 5 inataka kama 3.5 ndipo iamini kwamba ni 1. Katikati hapo hakuna anayejua atasomwa vipi. Na kiingilio cha HC kilichoachwa hewani hakina thamani yoyote. Kinafuata umeme wa mkono wako.

Dawa: rezista ya kuvuta juu (inayovuta mstari kuelekea volti 5) kwenye kila mstari unaotoka LS kwenda HC, kila kiingilio kisichotumika kifungwe kwenye volti 5 au ardhini, na kapasita ya nanofaradi 100 kando ya kila chipu. Majini yakaondoka. Kuanzia sasa tunaagiza HCT, ambayo inakubali viwango vya LS.

Aprili, saa na kidhibiti

Saa, yaani kitoa mapigo kinachosukuma kila hatua, ni chipu ya 555, rezista mbili na kapasita. Kwa kiloomu 1, kiloomu 100 na maikrofaradi 1 inapiga kama mara 7 kwa sekunde. Tumeweka pia kitufe cha kupiga pigo moja moja kwa kidole. Ndicho kinachotumika zaidi.

Kumbukumbu: 74189 mbili, kila moja ina nafasi 16 za biti nne. Hutoa kila biti ikiwa imegeuzwa, kwa hiyo nyuma yake tumeweka vigeuzaji. Limekwisha hilo.

Kidhibiti ndicho kilichokula mwezi. Kila amri yetu ni baiti moja: biti nne za jina la amri, biti nne za anwani, yaani namba ya nafasi kwenye kumbukumbu. Amri "JUMLISHA 14" maana yake kwa watu ni sentensi moja, lakini kwa waya ni mapigo matano: weka anwani ya amri kwenye rejista ya anwani, leta amri na usogeze kihesabio (kinachoshika anwani ya amri inayofuata), weka 14 kwenye rejista ya anwani, leta kilichomo hadi rejista B, toa jumla na uirudishe A. Katika kila pigo, baadhi ya mistari ya udhibiti inawashwa na mingine inazimwa. Nani anaamua?

Vijana walitarajia niwaonyeshe kitu chenye akili. Kilichopo ni jedwali. Chipu ya 28C16 inahifadhi baiti 2,048. Ukiipa anwani inatoa baiti iliyoandikwa hapo, basi. Anwani tunayoipa ni jina la amri (biti nne) pamoja na namba ya pigo (biti tatu). Mistari ya udhibiti 16 inatoka kwenye chipu mbili kama hizo, zenye anwani za pamoja. Tuliandika jedwali kwenye karatasi ya miraba, tukabishana, tukafuta, ndipo tukalichoma kwenye chipu.

Fundi alikuwa kimya siku nzima. Mwishoni akasema, "Kumbe ndani ya prosesa kuna mtu anasoma ratiba." Siwezi kuiboresha sentensi hiyo.

Aprili mwishoni, programu ya kwanza

Amri zilizopo: CHUKUA, JUMLISHA, TOA, ONYESHA, RUKA, SIMAMA. HIFADHI bado haijaunganishwa. Programu: jumlisha 3, onyesha, ruka urudi. Ilihesabu 3, 6, 9 hadi 255, kubwa kuliko zote kwa biti nane, ikamwagika na kufika 2, ikaendelea na 5. Vijana walipiga kelele mpaka Mangi wa duka la mbele akaja na kalamu yake ya madeni sikioni.

Jambo la kuandika hapa ni hili. Kwa mashine ilivyo sasa, naweza kukuambia kama programu itasimama bila kuiwasha. Naweka kidole kwenye anwani 0, nafuata. Nikikuta RUKA, naruka. Ama nitafika SIMAMA, ama nitarudi mahali kidole kilishapita, na anwani ziko 16 tu. Namba zilizomo hazina sauti: njia ni ile ile, ziwe 3 au 200. Z3 ya Konrad Zuse, iliyowashwa Berlin mwaka 1941, nayo haikuwa na amri ya kuruka kwa sharti. Ilikokotoa vizuri sana, lakini iliyochagua njia haikuwa namba.

Mei, waya wa sifuri

Wiki hii tumeunganisha HIFADHI pamoja na bendera mbili. Bendera ya sifuri inawaka matokeo yakiwa 0. Bendera ya ziada inawaka biti ikimwagika nje. Kila bendera ni biti moja ya kumbukumbu. Kisha waya mmoja kutoka kila bendera unaingia kwenye anwani ya zile chipu za jedwali.

Hakuna kingine kilichobadilika. Sasa jedwali lina kurasa nne badala ya moja, na amri RUKA-SIFURI imeandikwa tofauti kwenye kurasa ambazo bendera ya sifuri inawaka: huku kihesabio kinapokea anwani mpya, kule hakifanyi kitu. Namba iliyokokotolewa imepata mkono wa kugusa ratiba. Kwa maoni yangu hapa ndipo kikokotoo kilipokufa na kompyuta ikazaliwa, na nilitaka vijana waone kwamba ni waya wa sentimita kumi hivi.

Tumeongeza amri moja zaidi, NUSU: biti za A zinapita chipu ya kupitishia ya 74245 zikiwa zimesogezwa nafasi moja kulia, na biti iliyoanguka inakwenda kwenye bendera ya ziada kupitia kichaguzi cha 74157. Mistari 16 ilikuwa imejaa, ikabidi tuweke 28C16 ya tatu. Kigunduzi cha sifuri nacho tulikihamisha kutoka kwenye kijumlishi hadi kwenye basi la data lenyewe (nyaya za pamoja zinazobeba namba), ili kiione NUSU pia.

Programu ya majaribio nimeichagua kwa makusudi. Chukua namba. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 na uongeze 1. Rudia hadi ufike 1. Swali hili huhusishwa na Lothar Collatz, Mjerumani, na mwaka 1937. Je, kila namba hufika 1? Hadi leo hakuna aliyethibitisha.

0 CHUKUA 15
1 ONYESHA
2 NUSU
3 RUKA-SIFURI 13
4 RUKA-ZIADA 7
5 HIFADHI 15
6 RUKA 0
7 CHUKUA 15
8 JUMLISHA 15
9 JUMLISHA 15
10 JUMLISHA 14
11 HIFADHI 15
12 RUKA 0
13 SIMAMA
14 namba 1
15 namba ya kuanzia

Baiti 16, imejaa pomoni. Nusu ya 1 ni 0 na 1 inaanguka, kwa hiyo RUKA-SIFURI ndiyo inayotambua kwamba tumefika. Binti wa Rau aliitazama kidogo akasema anwani 5 na 6 ni za kupoteza: mstari wa 5 uende moja kwa moja kwenye HIFADHI ya chini, ambayo tayari inafuatwa na RUKA 0. Kweli, baiti moja ikaokolewa. Hakuna aliyemfundisha, baiti zikiwa 16 unakuwa bahili mwenyewe.

Mei, bado: ombi la Fundi

Fundi amechoka kusubiri programu za vijana zinazozunguka bila mwisho na kumaliza pawabenki. Ameniomba kifaa: unampa programu na namba yake ya kuanzia, anawasha taa ya kijani kama itasimama na nyekundu kama haitasimama. Kabla ya kuiendesha.

Tukiite Mpiga Ramli. Nikamwambia kifaa hicho, kwa kompyuta yenye kumbukumbu isiyo na mwisho na programu yoyote ile, hakiwezekani, na sababu si uhaba wa fedha. Alan Turing alionyesha hivyo mwaka 1936, akiwa na miaka 23, kabla hajaona kompyuta hata moja.

Chukulia Mpiga Ramli yupo na hakosei. Basi naandika programu nyingine, Mkaidi. Mkaidi anapewa programu yoyote, anamwuliza Mpiga Ramli: programu hii ikilishwa maandishi yake yenyewe, itasimama? Akiambiwa itasimama, Mkaidi anaanza kuzunguka milele. Akiambiwa haitasimama, Mkaidi anasimama papo hapo. Sasa mlishe Mkaidi maandishi ya Mkaidi. Mpiga Ramli akisema atasimama, hasimami. Akisema hasimami, anasimama. Aliyeahidi kutokosea amekosea, kwa hiyo hayupo.

Kijana wa Pasua alisema huo ni ujanja wa maneno. Nikampa kalamu aonyeshe ni mstari gani wa Mkaidi usioandikika. Alikaa nao hadi Fundi anafunga mlango.

Fundi yeye aliuliza swali la fundi: "Lakini hii yetu ina mwisho. Baiti 16."

Yuko sahihi, na vitabu vingi vinapita hapo haraka mno. Mashine yetu ni mashine ya hali zenye kikomo. Nimehesabu: biti 128 za kumbukumbu; rejista A, B, ya amri na ya onyesho, 32; kihesabio na rejista ya anwani, 8; kihesabio cha mapigo, 3; bendera, 2. Jumla biti 173. Hali zote zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 173, namba yenye tarakimu 53. Mashine ikirudi kwenye hali iliyowahi kuwa nayo, itazunguka milele, kwa sababu kutoka hapo njia ni moja. Kwa hiyo jibu lipo. Kulipata kwa kungoja hali zijirudie ndiyo kazi: ukikagua hali bilioni moja kwa sekunde, umri wote wa ulimwengu hautakutosha hata kuonja.

Ila programu moja moja si lazima iwe na hali zote hizo. Kila ile ya Collatz inaporudi anwani 0, kitu pekee kinachoamua yajayo ni baiti ya anwani 15. A inafutwa na CHUKUA, bendera zinaandikwa upya na NUSU. Baiti ina thamani 256. Ikirudi anwani 0 zaidi ya mara 256 bila kusimama, lazima thamani fulani imejirudia, na haitasimama kamwe. Kwa programu hii Mpiga Ramli anawezekana, tena ni mdogo.

Juni

Nimeandika emuleta, programu inayoiga mashine yetu, kwa Python kwenye laptopu, na binti anafuatisha kwa mkono kwenye karatasi ya miraba. Tumepita thamani zote, 0 hadi 255.

Zote zinasimama. Lakini tazama zinavyosimama. Ukianza na 27, hesabu ya kweli inachukua hatua 111 na kupanda hadi 9,232. Mashine yetu inafika 107, inatafuta 322, haienei kwenye biti nane, 256 inamwagika na inabaki 66. Inaendelea kutoka 66 kana kwamba hakuna kilichotokea, na kufika 1 kwa hatua 39. Jibu la mwisho ni sahihi, safari ni ya uongo. Mtu anayeangalia onyesho la mwisho peke yake asingejua.

Na kuna nne ambazo hazifiki 1 kabisa: 0, 85, 170 na 227. Mara tatu 85 ongeza 1 ni 256, ambayo kwetu ni sifuri tupu. Nusu yake ni sifuri, bendera inawaka, mashine inasimama ikionyesha 0. 170 inashuka hadi 85. 227 inamwagika hadi 170. Kijana wa Pasua alizijaribu kwenye mashine yenyewe, taa kwa taa, na zimekubaliana na emuleta. Nilifurahi zaidi ya ilivyostahili.

Kwa hiyo kuhusu namba zote duniani hatujui, na kuhusu mashine ya Mbuyuni tunajua kila kitu, ikiwemo pale inapodanganya.

Fundi sasa anataka biti 16 ili 27 ipite njia yake halali. 9,232 inaenea bila shida. Kijumlishi cha biti nane kinaweza kufanya kazi mara mbili, nusu ya chini kisha nusu ya juu na ziada, lakini programu hiyo haiingii kwenye baiti 16. Chipu ya 62256 ina baiti 32,768 na ni moja tu, haichukui nafasi. Tatizo ni kwamba anwani ndani ya amri yetu ni biti nne. Ama amri ziwe za baiti mbili, ambapo kila mstari wa jedwali unaandikwa upya, ama tuweke rejista ya kurasa (inayotaja ni fungu lipi la baiti 16 linatumika) na kila programu ibebe mzigo wa kukumbuka iko ukurasa gani. Mimi na Fundi tunataka amri za baiti mbili. Vijana wanataka kurasa, kwa sababu wao ndio walioandika jedwali na wanajua linavyouma.

Tumepiga kura, mbili kwa mbili. Majina ya kidato cha tano yakitoka vijana wataondoka, na jedwali litabaki kwetu wazee. Kwa hoja hiyo Fundi amehamia upande wao. Jumamosi tunafumua rejista ya anwani.